Mama wa Edward Wawili

Gaudensia alianza kuitwa Mama Edward mwaka 2009, akiwa na mumewe Francis katika chumba cha kupanga huko Hayes, magharibi mwa London. Yeye alihudumia wazee. Francis alipakua mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na moyo wenye tundu. Hakumaliza mwezi. Walimzika Hayes siku ya mvua, na tangu hapo kila Gaudensia alipokwenda kusafisha kaburi, Francis alikataa kufuatana naye.

Walihamia Ilford, upande wa pili wa jiji, ingawa kazi ya Francis ilibaki kule kule ghalani. Akazaliwa mtoto mwingine wa kiume. Gaudensia akasema naye ataitwa Edward.

"Mwanangu, usimpe jina la marehemu," mama yake alimsihi kwa simu kutoka Bukoba. "Mtafutie lake."

Gaudensia hakusikia. Alichojua ni kwamba hakupata muda wa kutosha wa kuliita jina lile.

Mtoto akakua bila kuambiwa kitu. Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza.

Mwaka Charles wa Tatu alipotawazwa, shuleni walifundishwa habari za wafalme. Jioni moja Gaudensia alikuwa akipiga pasi sare yake, Edward amejilaza kwenye zulia na kitabu.

"Mama, akina Edward walikuwa wanane. Wa Tano alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Alipotea kabla hajavishwa taji."

"Sasa kama hakuvishwa taji, mbona wanamhesabu?"

"Baba yake alikufa, akawa mfalme. Basi. Edward aliyemfuata akaitwa wa Sita. Huwezi kumruka."

Gaudensia alichomoa pasi ukutani, akakaa.

"Edward," alisema, "na wewe ni wa Pili."

Mtoto alicheka, kisha akamtazama mama yake usoni, akafunga kitabu. Gaudensia akamweleza yote.

"Mlinitaka mimi," Edward aliuliza, "au mlitaka yeye arudi?"

"Mwanzoni nilitaka arudi. Ulipozaliwa ukalia, nikajua huyu ni mtu mwingine. Jina ni moja, ninyi ni wawili."

Edward alikwenda chumbani kwake akafunga mlango. Wiki nzima hakuitika akiitwa Edward. Kwenye madaftari yake aliandika Mutalemwa, jina lake la Kihaya, na Gaudensia hakumkaripia. Aliumia, lakini akajizoeza kumwita hivyo.

Ijumaa, wakiwa mezani, mtoto alimgeukia baba yake.

"Nataka kumwona."

Francis aliweka kijiko chini. "Pale hapana mtu wa kuona. Ni majani tu."

"Basi nionyeshe majani."

Kesho yake walipanda treni hadi Hayes. Makaburi yalikuwa yamepanuka sana, na Gaudensia, ambaye tangu wahame alifika kwa nadra, alisimama kidogo langoni ili kukumbuka njia. Francis hakusimama. Alipita katikati ya safu za mawe, akakata kulia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe dogo la kijivu.

"Kumbe huwa unakuja?" Gaudensia alimuuliza.

"Nikitoka kazini," alisema Francis. "Sikuweza kuja na wewe. Ningekuona unalia, na mimi ningeanguka."

Gaudensia alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya hadharani kwa miaka mingi.

Mtoto alisoma jina lake lililochongwa kwenye jiwe. Kisha akainama, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, kaka."

Francis alichutama kando yake.

"Marahaba," alimwitikia kwa niaba ya mwanawe wa kwanza.

Walirudi nyumbani. Jina la Mutalemwa liliendelea kwenye madaftari hadi mwisho wa muhula, kisha siku moja Gaudensia akakuta ameandika yote mawili. Siku hizi Hayes wanakwenda watatu, na Francis ndiye anayebeba maua.