Kiangazi cha Mazuku

Harufu ya kwetu ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ambayo haikuwepo. Najua nasikika kama mtu aliyekosa usingizi, lakini yeyote aliyekulia kando ya barabara ya Sake, magharibi ya Goma, atanielewa. Pale kila kitu kilikuwa na harufu yake: makaa yakishika moto, samaki wadogo wa sambaza wakikaangwa, vumbi jeusi la volkano likiloweshwa na mvua, hata maji ya Ziwa Kivu yakitikisika ndani ya bidoni, yale madumu ya njano. Ila nyuma ya nyumba yetu, ukipita kijishamba cha maharage, kulikuwa na shimo pana, na ukisimama ukingoni mwake hunusi chochote. Hata majani ya mle hayakunukia majani. Nilikuwa na miaka tisa, na nililiogopa shimo lile kuliko nilivyowaogopa wanajeshi.

Wageni wakisikia Goma hufikiria mlima. Kweli Nyiragongo ulikuwepo, na jioni mawingu ya juu yake yaligeuka mekundu, nasi tukakaa nje tukila ugali wa foufou na kisamvu cha sombe chini ya wekundu ule bila hata kuinua macho. Mlima tuliuzoea. Kilichotunyima raha kilikuwa chini ya miguu. Ardhi ya kwetu ni moto wa zamani uliopoa ukaganda kuwa mawe meusi, makali, yenye nyufa zinazokwenda usikojua. Nyumba zetu za mbao zilisimama juu ya mawe hayo, nyua zilizungushiwa mawe hayo hayo, na wanaume waliosukuma chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yaliyojaa kabichi na viazi, walipita juu yake kwa kelele za kutoboa masikio. Kutoka kwenye nyufa hutoka hewa nzito isiyoonekana. Hutuama mabondeni kama maji, na anayeivuta hulala asiamke. Sisi tunaiita mazuku. Kiangazi, mvua zikikata, huwa mbaya zaidi, maana alfajiri hakuna upepo wa kuitawanya.

Mazuku huua kwa kimo. Huanza na mende na mijusi, huja kuku, huja mbuzi, kisha watoto. Mtu mzima anaweza kukatiza bondeni akiwa wima na akatokea upande wa pili salama, lakini akiinama kuokota hata kijiti, basi. Ndiyo maana tulilelewa kwa amri ambazo mtoto wa mahali pengine angezicheka: usiiname, usikae chini, usimfuate mnyama akishuka. Kila asubuhi, kabla hatujaruhusiwa kutoka nje, mama alifunga majani makavu ya mgomba kwenye ufito mrefu, akayawasha, akayateremsha shimoni. Moto ukifika mahali fulani ulizimika ghafla. Haukufifia, ulizimika, na moshi wake ulibaki umelala palepale, bapa, bila kupanda. Mama alitazama ulipozimikia, akajua siku hiyo hewa imefika wapi, akatutajia mpaka wa kutouvuka. Siku moja tulimkuta mbwa mle ndani amejikunja vizuri, na kando yake kunguru wawili waliokuwa wamemjia. Hakukuwa na nzi hata mmoja.

Mdogo wangu Neema alikuwa na miaka minne. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye tumbo la kutangulia na tabia ya kutembea akiwa bado usingizini. Asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi, ukungu ukiwa bado umelifunika ziwa, mama alikwenda ukingoni na ufito wake, mimi nyuma yake na bidoni. Ufito ulimponyoka mkononi. Neema alikuwa shimoni, amelala ubavu, mikono chini ya shavu, gauni lake la buluu limemfunika magoti.

Mama hakupiga kelele. Wakati ule sikuelewa, nilimchukia kwa kimya kile. Alivuta pumzi moja kubwa, akafunga mdomo, akashuka akitembea. Hakukimbia, kwa sababu anayekimbia hulazimika kuhema. Aliinama, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya mahali pale, akamwinua mtoto mpaka juu ya kichwa chake, akapanda naye hivyo hivyo, mikono imenyooka, uso umemvimba. Alipofika juu alianguka. Neema alitapika, akalia, na kilio chake kilinifurahisha kuliko wimbo wowote niliowahi kusikia kanisani.

Tulidhani yamekwisha. Baada ya siku chache Neema aliamka kabla yetu, akarudi kule. Mama alimdaka njiani. Akarudi tena. Kuanzia hapo, kiangazi kile chote kazi yetu ilikuwa moja tu: kumzuia Neema asirudi shimoni. Baba alikuwa machimboni Walikale na habari zake tulizipata kwa nadra, kwa hiyo ulinzi ulikuwa wa mama na mimi. Jirani yetu Mama Siku, ambaye mazuku ilishammalizia mbuzi, alikuja akakaa mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba waliolala mle ndani wamemzoea mtoto. Wamemwonja, alisema, sasa wanamwita. Mama alimfukuza kwa jina la Yesu. Lakini kutoka siku hiyo hakumwita Neema kwa jina akiwa nje ya nyumba, asije akasikiwa.

Mama alimwuliza, bila shaka. Alimpigia magoti, akamshika mashavu. "Neema, ni nani anakuita kule?" Neema aliweka kidole mdomoni, akatazama chini. Alipochapwa alilia bila kujibu. Basi mama akapanga upya namna ya kulala. Tulikuwa na kitanda kimoja kilichoinuliwa juu ya mawe, kama vitanda vyote vya pale, na blanketi moja la watu watatu. Neema akalazwa ukutani kabisa, kwenye mbao zenye nyufa zilizopitisha hewa ya mlimani, mimi katikati, mama ukingoni, ili mtoto asiweze kushuka bila kutukanyaga. Asubuhi za kiangazi kule ni za baridi kali, wanaodhani Afrika yote ni jua wangeshangaa. Tuliamka na midomo imepauka.

Bado alitoroka. Nakumbuka alfajiri niliyoamka nikakuta mahali pake patupu na mama anakoroma kwa uchovu. Nilitoka mbio. Neema alikuwa amechuchumaa ukingoni, mgongo kwangu, katika ule weupe wa ukungu unaofuta kila kitu. Mikono yote miwili alikuwa ameinyoosha mbele juu ya shimo, viganja chini, vidole vimetanuka, kama anayengojea kushikwa na mtu aliye huko chini. Na alikuwa anatabasamu. Nilimvuta kwa gauni, naye akanigeukia na uso wa mtu aliyenyang'anywa chakula. Sikumwambia mama nilichokiona. Kwa muda mrefu nilipokuwa nalala karibu naye nilihisi silali na mdogo wangu peke yake.

Mvua zilirudi, upepo ukarudi nazo, na Neema akaacha kutoroka, hivi hivi tu, kama alivyoanza. Mwaka uliofuata vita vilituhamisha, tukaingia Uganda, tukakaa kambini miaka mingi kuliko tulivyoahidiwa, na mwishowe tukaletwa Texas. Mama hakumwuliza tena. Nadhani aliogopa kujibiwa.

Sasa tunaishi Garland, kaskazini mashariki ya Dallas: mama, Neema, binti yake Asifiwe wa miaka sita, na mimi. Nyumba yetu ya kupanga ina jiko na sebule chini, vyumba vya kulala juu. Nchi hii ni tambarare mpaka inachosha macho, na wakati wa joto udongo wake mweusi hupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Mama alipoziona mara ya kwanza alimkataza Asifiwe kucheza uani. Nilimcheka, lakini sikuendelea sana. Jirani yetu Mkenya, muuguzi, ndiye aliyetufundisha hali ya hewa ya huku. Alisema huku kinachoua ni kimbunga, nacho hutoka juu: king'ora kikilia, shukeni chini, ingieni bafuni kusiko na dirisha, inameni, mfunike vichwa. Mama alimsikiliza kwa adabu yote, akamkaribisha chai, na hakuamini hata neno moja.

Mwaka huu, Jumapili moja ya Aprili, tulikuwa tumetoka kanisani na sambusa ziko mezani. Mbingu zikawa na rangi ya avokado lililopitiliza kuiva, ndege wakanyamaza, kisha simu zote zikapiga ukelele kwa pamoja na king'ora kikaanza kulia mtaani. Nilifungua mlango wa bafu la chini. Nilipogeuka, mama alikuwa amekwisha kumnyakua Asifiwe, amempandisha begani, na yuko juu kabisa ya ngazi.

"Koko, it's a tornado!" Asifiwe alimlilia bibi yake. "We have to go down!"

"Chini hapana!" mama alisema. "Batoto, mupande! Mupande huku juu!"

"Mama, huku si Goma!" nilimpigia kelele, na nakiri nilikasirika, maana vipande vya barafu vilishaanza kupiga paa na dirisha la juu lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Hakunisikia. Macho yake yalikuwa kwenye sakafu ya sebule, na niliyafahamu macho yale. Alikuwa anatafuta hewa imefika wapi.

Neema alinipita. Alipanda ngazi polepole, bado na aproni ya jikoni, akasimama kidato kimoja chini ya mama.

"Mama," alisema, "miye nilishafikaka chini. Ukanitosha mule, ukanipandisha. Twende, miye nitatangulia."

Akamshika mkono. Mama alishuka akiwa amefunga mdomo, kifua kimejaa, mtoto juu ya bega, na hakuhema mpaka mlango wa bafu ulipofungwa nyuma yetu. Sisi tulichuchumaa. Yeye alibaki wima, mgongo ukutani, amemwinua Asifiwe juu. Umeme ukakatika. Nje kulikuwa na ngurumo isiyokoma, ya chini sana, niliyoisikia kwenye meno kabla ya masikio.

Katika giza lile mama akauliza. Miaka yote ile, na akachagua saa ile.

"Neema. Kule shimoni. Ni nani alikuwaka anakuita?"

Nilitamani nizibe masikio. Niliona tena mikono ile midogo imenyooka juu ya shimo, na nikahisi kwamba kitu kile kilichokuwa mle kinaweza kujibu chenyewe, hapa, Texas, kwa sauti ya mdogo wangu.

"Hakuna mutu, mama," Neema alisema. "Kule kulikuwaka joto. Nilikuwaka tu nasikia baridi."

Ngurumo ilipita juu yetu, au kando yetu, sijui. Nilichosikia vizuri ni mama akivuta pumzi.

"Na miye nikakulalisha kwa ukuta," alisema.

Kisha nikasikia mgongo wake ukiteremka ukutani, taratibu, mpaka akakaa sakafuni kati yetu, Asifiwe mapajani. Mama alilia, na sisi tukamwacha alie.

Upepo ule uliangusha uzio wetu na mti wa jirani, ukaenda zake. Nami nimekaa nikiyapima yale ya kule na haya ya hapa, na kila nikipima naumia upya. Tulikeshea mashetani. Tulimwombea mtoto, tukamchapa, tukanong'onezana juu yake kana kwamba tayari ni wa wengine, na yeye alikuwa ameligundua tu joto linalotoka ardhini, akalipenda kama ambavyo mtoto yeyote angelipenda. Mama alimwokoa na mauti kwa pumzi moja, lakini baridi hakuiona, kwa sababu sote tulikuwa nayo.

Siku hizi kile kidude cha ukutani kinachopanga baridi ya nyumba kimekuwa cha mama. Nje lami inalainika kwa jua, na ndani nako tunaiva, maana hataki mashine ya kupoza hewa ivume. Neema akirudi kutoka ghalani anakofanya kazi, jasho limemlowesha blauzi, mama humsubiri mlangoni, humwekea kiganja shingoni.

"Uko na baridi?"

"Hapana, mama. Niko muzuri."

Mama hamwamini. Hukiendea kile kidude, akaongeza joto kidogo tena, na Neema, ambaye angeweza kulirudisha akiwa hatazamwi, hukaa akajipepea na karatasi na kuliacha palepale.