Penseli ya Karani wa Mishahara

Karani wa mishahara hulamba kidole gumba kabla ya kufunua kila karatasi, na penseli yake huishi nyuma ya sikio. Dermot, mfanyakazi kijana, alimlalamikia kwamba amehama kutoka kwa mama yake katika mji wa Mineola, nje ya jiji, akapanga chumba jijini New York ili aokoe nauli, lakini sasa mshahara umepungua kwa kiasi kinachozidi nauli yenyewe. Penseli ilitua kwenye mstari wa tatu wa makato katika hati yake ya mshahara.

“Kodi ya taifa, ya jimbo, na hii ya jiji. Hii wanalipa wanaolala hapa jijini tu, mwanangu. Chuoni ulisomea nini?”

“Uchumi. Tasnifu yangu ilihusu kodi za miji,” Dermot alikiri. “Walinipa alama ya juu kabisa.”

Karani hakucheka. Alitoa mkobani ratiba ya treni za Mineola, iliyochakaa mikunjoni.

“Ya saa kumi na mbili na nusu jioni huwa na viti. Mimi hukaa behewa la mwisho.”