Siku Niliyofunga Bucha ya Mzee Wafula

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya utafiti pale Kitale, niliosha vioo tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilikuwa mama wa watoto wanne, nimepima maziwa kiwandani kwa miaka mingi, na nilikuwa nimeshonewa koti jeupe jipya nikidhani nitaketishwa mbele ya hadubini. Mkuu wa Maabara, mwanamume mrefu asiyependa kelele, alinipeleka kwenye karo, akanionyesha rundo la visahani vya kioo.

"Rael, anza hapa. Ukimaliza nitanusa."

Na kweli alinusa, kimoja baada ya kingine. Vile vilivyokuwa na harufu ya sabuni alivirudisha majini. "Sabuni ikibaki, itaua bakteria tunaowatafuta," aliniambia. "Uchafu ukibaki, utatuletea ambao hatukuwaalika. Kwa vyovyote utakuwa umemwandikia mtu uongo."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikuwa tunachunguza bakteria wanaodhuru watu kupitia nyama na mboga zisizopikwa. Ninyi vijana wa siku hizi mna mashine zinazotoa jibu kabla chai haijapoa, kwa hivyo niwaeleze tulivyofanya. Tulichukua kipande cha nyama au jani la dhania, tukakitikisa ndani ya maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kisha tukadondosha maji yale juu ya agari, yaani chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli. Kisahani kikalala kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Kesho yake, kila bakteria aliyetua pale alikuwa amezaa wenzake wengi mpaka wakawa kidoa cha kuonekana kwa macho. Bakteria wa kinyesi tuliwatambua kwa kidoa cha kijani chenye kung'aa kama mgongo wa nzi wa chooni.

Katika kila kundi la visahani, kimoja hakikutiwa kitu. Hicho tulikiita shahidi. Kikibaki kitupu, agari ni safi na majibu ni ya kuaminika. Kikiota kitu, visahani vyote vya siku hiyo havina maana, hata kama umevihangaikia wiki nzima. "Msome shahidi kwanza," Mkuu alikuwa akisema, na mimi nilimsoma kwanza kila siku kwa miaka minne. Mikono yangu ilizoea kazi hiyo mpaka wanafunzi wa chuo wakawa wanaletwa kuniangalia ninavyomimina agari bila kuingiza hata kiputo. Nasema hivyo bila aibu. Nilikuwa hodari.

Kwa ajili ya uhodari huo nilihamishiwa Bungoma, ambako utafiti ulikuwa umefungua maabara ndogo ya vyumba viwili. Bosi wangu huko alikuwa Mratibu wa Utafiti, mama mwenye shahada nyingi na maneno machache. Kila Jumatatu na Alhamisi nilitoka na sanduku la barafu, nikakusanya sampuli Kimilili na masoko mengine chini ya mlima. Akina mama wa soko walinizoea. "Huyu ni yule daktari wa kununua sukuma na hapiki," walikuwa wakisema, wakicheka.

Kisha likatokea jambo la Mzee Wafula.

Alikuwa na bucha pale Kimilili, na nyuma ya bucha kijumba cha kuchomea nyama. Mkewe, Mama Nanjala, ndiye aliyekata kachumbari. Kwa nyama choma hakuna aliyewashinda. Ijumaa moja walimu kadhaa walikula pale, na kufikia Jumapili walikuwa wakiharisha vibaya. Wawili walilazwa hospitali ya Lugulu, na mmoja wao, mwalimu kijana mjamzito, alikuwa katika hali ya kututia wasiwasi. Jumatatu nikachukua sampuli za nyama pale buchani kama kawaida. Jumanne asubuhi Afisa wa Afya alikuwa amesimama mlangoni kwangu kabla sijavaa koti.

"Mama Rael, nipe jibu. Watu wananipigia simu."

Nilifungua kabati, nikatoa visahani vya nyama ya Mzee Wafula. Vilikuwa vimejaa vidoa vya kijani. Shahidi alikuwa rafu ya nyuma. Nilijua yuko pale. Lakini yule afisa alikuwa anagongagonga kalamu kwenye mlango, na mimi nilijiamini sana.

"Nyama ni chafu," nikasema. "Ina bakteria wa kinyesi."

Aliondoka mbio. Kabla ya saa sita, bucha ilikuwa imefungwa kwa kufuli ya serikali.

Mchana nikarudi kuosha visahani. Nilipomfikia shahidi, nilimwinua kwenye mwanga wa dirisha. Vidoa vitano vya kijani. Nilivihesabu tena na tena kana kwamba vitapungua. Nilikwenda kwenye chungu cha mvuke, kile cha kuulia bakteria katika agari, nikapapasa mpira wa kifuniko. Ulikuwa umepasuka, mvuke ukitoka pembeni, na kwa hivyo agari yangu haikuwa imeiva. Nikaketi juu ya ndoo.

Naomba mnielewe. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwona shahidi yule. Ningemtia majini, ningepata mpira mpya, na maisha yangeendelea. Huenda hata nyama yenyewe ilikuwa chafu kweli. Nilifikiria hayo yote pale juu ya ndoo. Halafu nikachukua kisahani nikaenda nacho ofisini kwa Mratibu, nikakiweka juu ya karatasi zake.

Alikitazama. "Umeshamwambia Afisa wa Afya?"

"Nimeshamwambia. Bucha imefungwa."

Nilikuwa tayari kufukuzwa. Kisha akasimama, akachukua mkoba.

"Leta sanduku la barafu. Twende Kimilili."

Tulimkuta Mzee Wafula ameketi kwenye kiti mbele ya kufuli, amevaa koti lake la kanisani, kama mtu aliyefiwa. Watu walikuwa wamekusanyika. Nilitaka kumvuta pembeni, lakini nilimfungia mbele za watu, kwa hivyo nilisema mbele za watu.

"Mzee, mimi ndiye niliyesema nyama yako ni chafu. Sikuwa nimehakikisha. Chombo changu kimeharibika, na jibu nililotoa si jibu. Nakuomba msamaha."

Alinikazia macho. "Ati nini? Kwa hivyo mimi nimeaibishwa sababu ya chombo yako?"

"Si chombo peke yake. Sababu ya haraka yangu."

"Nimeuza nyama hapa tangu niko kijana, bana. Nyama yangu iko safi. Mkaguzi amegonga muhuri. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Niruhusu nipime tena. Si nyama peke yake, nipime kila kitu."

Watu wakanong'ona. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba tufukuzwe. Ni Mama Nanjala aliyesema, "Baba Nanjala, wacha apime. Kama angekuwa mwongo, si angekaa tu huko Bungoma?"

Afisa wa Afya aliitwa, akaja na ufunguo na uso wa hasira. Alikataa bucha kufunguliwa mpaka jibu lipatikane, lakini alituruhusu kuingia. Kwa vijiti vyenye pamba nilipangusa kulabu, visu, mizani, gogo la kukatia nyama, ubao wa kachumbari, na kitambaa kilichokuwa kimeanikwa kwenye msumari. Nilikata nyama kutoka ndani ya friji na kuomba bakuli la kachumbari iliyobaki. Njiani kurudi, Mratibu alisema neno moja tu: "Mpira." Jioni hiyo hiyo mpira mpya ulifika kutoka Kitale.

Nilipika agari upya. Safari hii niliweka mashahidi watatu.

Asubuhi niliposoma, wote watatu walikuwa watupu. Nyama ilikuwa na vidoa vya kuhesabika kwa vidole. Kachumbari ilikuwa imejaa, ubao umejaa, na kitambaa kilikuwa kijani tupu, hakuna hata nafasi ya kuweka ncha ya kalamu. Nilirudia kazi yote tangu mwanzo ili niwe na hakika. Jibu likawa lile lile.

Tulirudi Kimilili siku ya nne nikiwa nimebeba visahani vyenyewe. Nilivipanga juu ya kaunta mbele ya Mzee Wafula na mkewe.

"Nyama yako ni safi, Mzee, kama ulivyosema."

Alivuta pumzi kwa nguvu. Nikasogeza kisahani kingine.

"Hiki ni kitambaa chako. Nimekuona ukikata matumbo kwenye gogo, ukipangusa na hiki. Unakisuuza kwenye karai, maji yale yale tangu asubuhi. Halafu mama anapangusia ubao wake, anakata nyanya na vitunguu. Nyama inaenda kwenye moto, bakteria wanakufa. Kachumbari haiendi kwenye moto."

Mama Nanjala alifunika mdomo kwa mkono. Mzee Wafula alikiinua kile kisahani, akakigeuza huku na huku. Nilingoja anitukane. Mtu niliyemkosea wiki ile ile, kwa nini aniamini?

"Kitu ya kusafisha ndiyo inachafua?" akauliza polepole.

"Ndiyo, Mzee."

"Kama ungetaka kujificha, ungesema tu nyama ni chafu na yote yaishe." Akakiweka chini. "Nakuamini. Sasa niambie nifanye nini."

Mchana huo walichoma kile kitambaa. Bucha ilifunguliwa, kukiwa na vitambaa vya kuchemshwa kila siku na ubao wa kachumbari usiokaribia nyama. Yule mwalimu alipona, na baadaye alijifungua salama. Na wenye bucha wa eneo zima walipoitwa mkutanoni, wakanigunia kama walivyomgunia kila afisa, Mzee Wafula ndiye aliyesimama. "Huyu mama alinifungia, na huyu mama akanifungulia," akawaambia. "Sikilizeni." Wakasikiliza. Tulizunguka bucha zile mwaka mzima tukifundisha habari za vitambaa, karai na mbao, na visahani vyangu vikazidi kuwa vitupu.

Nimestaafu sasa, niko nyumbani karibu na Saboti na ng'ombe wangu wawili. Mratibu alipoandika ripoti ya utafiti, aliandika pia kosa langu, ukurasa mzima, kwa idhini yangu. Ninayo nakala. Wageni wakija huwa nawaonyesha ukurasa huo kabla ya vyeti.

Kanisani watu huniuliza niligundua dawa gani miaka yote hiyo. Huwa nawajibu kwamba sikugundua dawa. Pale Kimilili watu wamekula Ijumaa nyingi, wakalala, wakaamka wazima, wakaenda kazini. Hawajui kwamba kulikuwa na jambo la kuwapata. Hakuna hata mmoja atakayekuja kunishukuru kwa tumbo ambalo halikumuuma, na mimi nikiwaza hesabu yao, natembea nimenyoosha mgongo.