Siku Yadira Alipokimbiza Gari la Posta

Tangu ana miaka mitatu, alipovushwa mpaka kimagendo kutoka Michoacán, Mexico, kuingia Marekani akiwa amelala begani kwa baba yake, Yadira alifundishwa jambo moja: mlango ukigongwa, chini, huenda ni polisi wa uhamiaji! Basi Jumamosi ile pale Fresno, ngo ngo ngo, familia nzima ya Ledezma iliacha mezani unga wa mahindi wa kupikia tamale, ikajitupa sakafuni. Hata mbwa alilala.

"Refugio, inamisha kitambi, kinaonekana dirishani!" mama yake alinong'ona.

"Nikiinamishe kiende wapi, Eulalia?" baba yake alijibu, shavu likiwa kwenye zulia.

Hatua zikaondoka. Yadira akachungulia chini ya pazia, roho nusura imtoke. Gari la posta! Humo ndimo kilimokuwa kibali chake kipya, wanachopewa waliovushwa utotoni, si wazazi wao, cha kumkinga asifukuzwe nchini na kumruhusu kufanya kazi miaka miwili mingine, na hakiachwi bila sahihi yake. Cha zamani kinakwisha kesho. Bila hiki, Jumatatu hana kazi ya ualimu wa chekechea.

"Mama, tumemkimbia mtu wa posta!"

Akatoka mbio, unga hadi viwikoni, kandambili moja ikimchomoka njiani. Nyuma mama na taulo, baba kashikilia suruali, mbwa mbele kana kwamba kibali ni chake.

"Kata kona, mwalimu! Kata kona!" majirani walipiga kelele.

Gari likasimama. Mzee Filemón wa posta akateremka, anacheka hadi machozi.

"Binti, nimegonga weee! Nimeona miguu chini ya meza, na mkia."

"Nisamehe, mzee wangu. Tulikuwa... tunatafuta hereni."

"Hata kwetu, mama alikuwa akipoteza hereni hivyo hivyo. Haya, tia sahihi."

Yadira akaibusu bahasha, akambusu mzee, akambusu mbwa. Furaha ilimlevya. Walirudi wakiimba, Refugio akimzungusha mkewe katikati ya barabara.

Tamale hazijaiva, mlango ukagongwa tena. Baba chini, mama chini, mbwa chini. Magoti ya Yadira nayo yakaanza kukunjika kwa mazoea, kisha akakumbuka kibali. Akawaruka wazazi wake, akafungua mlango wote.

Alikuwa jirani, kamletea kandambili yake.

"Ni kandambili tu!" Yadira aliwaambia huku akicheka.

Hawakuinuka mpaka alipofunga mlango.