Lenzi ya Mtumba na Salamu Ndefu

Nina haraka ya kuzaliwa nayo. Mama yangu husema nilizaliwa muuguzi akiwa bado anatafuta glavu. Nimekulia Temeke, ambako "mambo" na "poa" zinatosha kununua vitumbua, kupanda bodaboda, hata kuanzisha urafiki. Halafu nikapangiwa maabara ya hospitali huku Kibondo, kwa watu ambao salamu kwao ni shughuli nzima. Utaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, kazi inakwendaje, mvua imekukuta wapi, wazazi uliowaacha huko wana hali gani, na ukidhani mmemaliza mwenzako anarudi mwanzo. Mwaka wa kwanza, nikimwona mtu mzima anakuja mbele yangu asubuhi, nahamia upande wa pili wa barabara. Haikuwa dharau, wallahi. Nilikuwa nachelewa kazini.

Kilichonituliza huku ni kamera. Ni ya kidijitali, niliinunua ikiwa imeshatumika kabla sijahama, na ilikuja na lenzi moja. Siku za mapumziko nazunguka nayo kupiga matanuri ya matofali, ukungu uliolala kwenye migomba, baiskeli iliyobebeshwa mikungu mpaka mwenye baiskeli haonekani. Si biashara, ni raha yangu tu. Mtazamaji wangu alikuwa mama mwenye nyumba, mjane, mtu mzima wa kuheshimika, ambaye kila Jumapili anakaa kwenye kigoda chake nami namfungulia picha kwenye kioo cha kamera. Anazipitia moja moja, taratibu, kama anachambua maharage. Ananiita Dokta, kama wanavyoitwa watu wote wa hospitali, na nilishachoka kukanusha.

Yeye alizaliwa Burundi. Alivushwa mpaka akiwa mtoto mdogo, mgongoni kwa shangazi yake, na mama yake akafia huko nyuma. Siku hizi ni Mtanzania, kitambulisho anacho, mashamba anayo, wajukuu anao. Lakini dada yake mkubwa alibaki ng'ambo, na tangu siku ile ya kuvushwa hawajawahi kuonana. Wameongea miaka michache hii kwa simu ya jirani wa dada, basi. Sasa dada alikuwa amekubali kuja. Angevukia Manyovu asubuhi, afike Kasulu kwa binti wa mama mwenye nyumba aliyeolewa huko, wale chakula pamoja, halafu arudi siku hiyohiyo, maana kwake kuna mgonjwa asiyeweza kuachwa alale peke yake.

Mama mwenye nyumba alinieleza hayo kwa kituo, kisha akasema shida yake. "Sura ya mama siikumbuki, Dokta. Wanasema dada ndiye aliyefanana naye. Nataka unipigie picha pale tunapokutana, siyo tumekaa kama watu wa kitambulisho. Nikibaki na picha hiyo nimebaki na wote wawili." Habari za simu hakutaka kuzisikia. Simu ya binti yake ilishakufa na picha zote za harusi ndani. Alitaka karatasi ya kutundika ukutani.

Nikasema hilo niachie mimi. Kiherehere changu.

Siku tatu baadaye naitoa kamera kwenye mkoba, ambamo hulala chini ya kitanda na unyevu wote wa masika, nikakuta ndani ya kioo cha lenzi kuna nyuzi nyeupe. Mimi kazi yangu ni kuchungulia hadubini. Kuvu naijua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Mtu mwenye akili angetafuta fundi. Mimi nikatandaza kanga mezani nikachukua bisibisi ya miwani. Kuvu niliifuta vizuri sana. Kurudishia ndipo kasheshe ilipoanza: kispringi kimoja kiliruka, na mpaka leo sijui kiliangukia wapi. Lenzi ikawa inalia kama panzi na haioni kitu. Nilikaa chini nikajitukana mwenyewe kwa sauti.

Lenzi mpya sikuwa na ubavu nayo, kwa hiyo nikaanza kusaka za mtumba. Kwenye makundi ya mtandaoni nikampata kaka mmoja wa Dar, maneno matamu, nilipomwomba anipigie lenzi picha ikiwa juu ya gazeti la siku hiyo akaniondoa kwenye kundi. Kakonko kulikuwa na mpiga picha, lakini naye kamera yake ilikuwa na lenzi moja na hakuwa tayari kuachana nayo, ningekuwa mimi nisingekubali pia. Mwisho mhudumu wa wodi akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kasulu mwenye studio ya picha za pasipoti, ambaye hununua vifaa vya wageni wanaomaliza kazi zao kwenye makambi ya wakimbizi na kurudi kwao. Nikampigia nikiwa maabara, sampuli zinanisubiri.

Yule mzee akaanza salamu. Habari za Kibondo, habari za hospitali, wagonjwa, mvua, maharage yamekaaje. Nikamjibu nzuri, nzuri, nzuri, nikamkatisha nikamuuliza lenzi ipo. Ipo. Inaingia kwenye kamera yangu? Inaingia. Bei yake ilinifaa. Akasema, "Ila dada, hiyo lenzi—" nami nikasema sawa sawa mzee wangu, natuma hela sasa hivi, wewe niwekee kwenye basi. Nikakata simu nikarudi kwenye sampuli zangu nikijiona mchapakazi.

Lenzi ilifika zikiwa zimebaki siku mbili, imeviringishwa kipande cha kitenge ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilimulika vioo vyake kwa tochi ya simu: hakuna kuvu, mkwaruzo mmoja pembeni usio na madhara. Ilikuwa nzito, ya chuma, ya zamani. Nikaifunga kwenye kamera, ikakaa sawasawa. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kamera ikaandika kwamba haioni lenzi yoyote.

Nimepigwa, nilijiambia, yule mzee ameniuzia chuma cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Nikampigia, hapatikani. Nilimsema vibaya moyoni siku nzima, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jioni mama mwenye nyumba alikuja mlangoni kunionyesha vitenge vya sare, kimoja chake na kimoja cha dada yake, akaniuliza kama kamera ni nzima. Nikasema ni nzima. Alikuwa anatabasamu, nami nikajifanya kuvikagua vile vitenge.

Kesho yake, siku moja kabla ya safari, simu ya mzee ikapatikana. Akaanza salamu. Safari hii sikuwa na nguvu hata ya kumkatisha. Nikamwambia mvua ni nzuri, maharage yanatoa maua, mama yangu wa Temeke anasumbuliwa na presha lakini anakunywa dawa. Yeye akaniambia habari za mguu wa mama mkwe wake, nikamwelekeza kipimo cha kuomba hospitali. Tuliongea hivyo hadi nikasahau kidogo kwamba nilipiga kugombana. Ndipo mwenyewe akasema, kwa upole kabisa:

"Sasa dada, siku ile ulikata kabla sijakwambia. Hiyo lenzi ni ya mkono. Haiongei na kamera."

Akanielekeza. Fungua mipangilio, shuka mpaka mahali panaporuhusu kupiga hata kama kamera haioni lenzi, washa. Pete ya nyuma ni ya kuongeza na kupunguza mwanga, pete ya mbele ni ya kulenga, zote unazungusha mwenyewe. Nikafanya, simu nimeibana begani. Kamera ikalia klik. Nilishusha pumzi ndefu mpaka mzee akaniuliza kama naumwa. Nikamwomba radhi, hakujua ni ya nini, na sikumwambia.

Lakini alikuwa ameniachia wasiwasi mwingine. Alisema lenzi hiyo inataka muda, na watu hawatulii. Niliijaribu kwa kuku wa mama mwenye nyumba, wakatoka kama vumbi lenye miguu. Nikaijaribu kwa jirani anayepita na ndoo. Nilipomaliza kuzungusha pete alishaingia kwao. Watu wawili wakikutana wanakumbatiana kwa muda gani? Kwetu ni pu, basi, wameachana. Na mkutano ule usingerudiwa. Usiku huo nililala nikizungusha vidole hewani.

Kasulu tulifika mapema. Binti yake alikuwa ameshasonga ugali wa muhogo na kuunga migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, na mama mwenye nyumba hakugusa hata maji. Mimi nilisimama karibu na ukuta wa jiko, jua likiwa mgongoni, nikalenga kwenye jiwe la mlangoni nikisema mgeni atapitia hapo. Dada mtu alipoingia hakupitia hapo. Alikuja kwa upande wa migomba, kikongwe mwembamba aliyenyooka, ana mfuko mkononi, na mama mwenye nyumba akamwendea mbiombio kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitembea. Nikabonyeza. Picha ya kwanza ilitoka ukungu mtupu, na nilijua nimeikosa.

Ila hawakuachana. Walikuwa wameshikana mikono juu, karibu na mabega, wanatazamana, na dada mtu akauliza kwa Kirundi, ambacho kinakaribiana na Kiha nilichokwisha kuzoea Kibondo: "Amahoro?" Ni amani? Mdogo mtu akajibu ni amani. Mikono ikateremka hadi kwenye viwiko. Akauliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina. Ni amani. Wajukuu. Ni amani. Mikono ikapanda tena mabegani, zamu ikabadilika, na mdogo mtu naye akaanza kuuliza: nyumba, mgonjwa, shamba la kilimani, ng'ombe, majirani waliobaki, kisima. Kila kitu kilichoachwa miaka yote ile kilikuwa kinasalimiwa kwa zamu yake, na hakuna aliyemwachia mwenzake.

Mimi nikazungusha pete. Nikazungusha mpaka nikaziona kope zao. Nikabonyeza, nikapunguza mwanga kidogo, nikabonyeza tena. Nikawa na muda wa kuzunguka mpaka upande wa migomba nikapate nyuso zote mbili, na muda wa kufuta kioo cha kuchungulia kwa upindo wa kanga, kwa maana sikuwa naona vizuri tena, na kosa halikuwa la lenzi. Salamu zile zile nilizozikimbia barabarani mwaka mzima ndizo zilizonisubiri. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, na hakuna aliyenisikia.

Wakati wao wanakula, nilikwenda kwa yule mzee wa studio kuchapisha. Mashine yake ilipokuwa inapata moto tulisalimiana, mimi ndiye niliyeanza, na nikauliza mpaka habari za mguu wa mama mkwe. Alichapa picha mbili kubwa zilizofanana. Nilirudi nikawakuta wapo kwenye mkeka, dada mtu anajiandaa kuondoka.

Mama mwenye nyumba aliipokea picha kwa mikono miwili, akaweka kidole kwenye uso wa dada yake. Akaniambia, na macho yake yamejaa, "Umeona, Dokta? Mama ndiye huyu."

Dada mtu hakuwa anajua Kiswahili kingi, ila hilo alilielewa. Alikishika kile kidole cha mdogo wake, akakiinua polepole, akakihamisha upande wa pili wa picha. "Hapana," akasema. "Mama ndiye huyu. Mimi nilifanana na baba." Kidole kilikuwa juu ya uso wa mama mwenye nyumba mwenyewe.

Kidole kilikuwa bado hapohapo gari la Manyovu lilipopiga honi barabarani.

Kwenye basi la kurudi Kibondo mimi niliketi na kamera mapajani, mwili mwepesi, nimeshiba, nina usingizi mzuri wa mtu aliyetua mzigo. Tulipoiacha Kasulu nyuma mama mwenye nyumba akaniomba simu yangu, ile asiyotaka kusikia habari zake, akaniambia niigeuze kamera ya simu ili ajione. Akajitazama kwa muda mrefu. Alishika paji la uso, kisha kidevu. Halafu kwa sauti ndogo, kwa kituo, akauliza ni amani, akasubiri, akauliza habari za safari, akaanza kusalimia.

Chaji ilikuwa inaisha. Sikumharakisha.