Mnyororo wa Mama

Jirani anachomelea geti hapa Walukuba, na harufu ya chuma cha moto imenirudisha kwa mama. Mama alifua minyororo, mimi nilivuta mivukuto ya kupulizia moto. Siku moja lori lilizama kwenye matope, dereva akaja akicheka.

"Mama, mnyororo wa mwanamke utavuta lori au mbuzi?"

"Funga, bwana."

Kwetu aliyefua mnyororo husimama kando yake ukivutwa. Mama alinisimamisha naye, kwa sababu pete moja ya mnyororo ule niliifunga mimi. Ikikatika, nani atanunua kwake tena? Trekta iliyoletwa kulivuta lori ikanguruma, mnyororo ukakaza, ukalia. Paa! Ndoano ya lori iling'oka. Pete zetu zilikuwa nzima zote.

Mama akauliza, "Na hiyo ndoano, bwana, ilifuliwa na mwanamke gani?"