Mwasumini wa Mama na Debe Lisilo na Tundu

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala upande, na najua kuna maneno nimeyakosea, maana shule nilisoma miaka minne tu, na mwalimu alinipiga zaidi kwa sababu ya sauti ndogo kuliko kwa sababu ya makosa. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Lakini nikishika kalamu hakuna anayenikodolea macho, basi nitasema yote. Nina hasira. Kama itaonekana katika maneno yangu, mnisamehe hiyo pia, au msinisamehe.

Mama yangu alikuwa na mwasumini. Baba ndiye aliyeuleta kutoka Bagamoyo, siku alizokuwa mpagazi, kabla reli haijafika Morogoro. Alikata tawi la urefu wa shibiri, akalichomeka ndani ya kipande cha mgomba ili lisikauke njiani, akalifunga juu ya mzigo wa watu na kulibeba mpaka kwetu Mafiga. Mama alikuwa akisema kwamba vitu vyote vingine alivyoleta baba viliisha. Kaniki ilichakaa, chumvi ililiwa, na baba mwenyewe akafuata kazi ya reli upande wa bara, asirudi. Mwasumini ukabaki.

Mama aliuotesha katika mtungi uliovunjika shingo. Alitoboa kitako cha mtungi matundu matatu kwa msumari, taratibu, usije ukapasuka. Chini akatandika vigae, juu yake mchanga wa mtoni, kisha udongo mweusi wa mlimani uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka ikaacha kunuka. Mti huu ukiuachia hurefuka ovyo na kutambaa. Mama hakuuachia. Kila ulipomaliza kuchanua aliukata ncha, kwa hiyo ulikaa mfupi na mnene, haupiti kiuno changu, na majani yake yalikuwa mabichi mwaka mzima, kiangazi na masika. Ua lake lilikuwa la tabaka nyingi, si kama afu la porini lenye tabaka moja.

Mama aliuita "huyu", kama mtu. Maji alinifundisha hivi: chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo, uache. Kikitoka kikavu, mpe kata moja, shinani, asubuhi. "Huyu hapendi kusimama majini," alisema. "Hata wewe ukisimamishwa mtoni siku tatu, utaoza miguu." Matumba tuliyachuma alasiri, yakiwa meupe lakini bado yamefumba. Dada yangu aliyatunga kwenye uzi, akauvaa, na jua likizama yalifunguka yenyewe shingoni mwake. Ukipita nyumba tatu mbali na kwetu ulijua dada ametoka nje.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama akifa, mwenye kauli juu ya watoto na juu ya vilivyobaki ni mjomba. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alipokuwa mgonjwa alituita mimi na dada akasema mbele yetu: mwasumini ni wa binti yangu. Siku atakapoolewa, maua yote yawe yake, na siku hiyo ndipo tawi la kwanza likatwe, akalipande mlangoni kwake. Kabla ya hapo tawi lisitoke. Nami nikatii. Majirani waliniomba tawi, nikatikisa kichwa. Ningeweza kulaza tawi moja kwenye udongo, nikalifukia, likatoa mizizi, na hakuna ambaye angejua. Sikufanya. Kwa hiyo mwasumini ulikuwa mmoja tu. Utiifu ule nao unanitia hasira.

Dada alichumbiwa na mtu wa Dumila, na harusi ikapangwa iwe baada ya mfungo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuukata ncha mwasumini kwa hesabu, ili uchanue siku zile zile. Asubuhi moja mjomba akashuka kutoka Matombo. Nyuma yake walikuja watu wawili wa akida, yaani yule mtu wa pwani ambaye Wajerumani walimweka juu ya majumbe wetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwili umekua, sauti umeiacha wapi?"

Wale wawili wakacheka. Mjomba akauonyesha mwasumini kwa fimbo. "Mti huu nautoa. Mke wa akida amesikia habari zake, anautaka barazani kwake. Wewe unalo neno?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na maneno ya mama yote, moja moja, kama alivyoyasema. Nilisimama na kata ya maji mkononi nikitazama vidole vya miguu ya mjomba, vyenye vumbi jekundu la njiani.

"Amenyamaza," mjomba akawaambia. "Amekubali. Bebeni."

Wakabeba. Nikawafungulia mlango wa ua. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko yote ya siku ile, kwamba niliwafungulia mlango.

Dada alirudi mtoni na nguo mbichi kichwani, akakuta alama ya duara pale ulipokuwa mtungi.

"Uko wapi?"

"Mjomba."

"Mjomba nini? Nakuuliza mwasumini."

"Kampa mke wa akida."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa!" Akazitupa nguo chini, tena kwenye mchanga. "Umesimama hapa kama nguzo ya simu ya Mdachi! Na hiyo nguzo angalau huvuma upepo ukipita!"

Jioni mjomba alikuja kula kwetu kama kwamba hakuna jambo. Dada akamwekea chakula, asikae.

"Mjomba, umeuza kitu changu."

"Sikuuza. Majina yaliandikwa ya watu wa kwenda kufyeka barabara, na mle kazini kuna kiboko. Akida amefuta jina moja."

"Jina la nani?"

Mjomba akaninyooshea tonge. "La huyu hapa. Ungependa aende akachapwe, ili wewe unukie?"

"Na lako, mjomba? Halikuwamo?"

"Langu halikuwamo."

"Wewe mwenye miguu kama ya punda!" dada akasema, akatoka nje.

Mimi sijui mpaka leo kama mjomba alisema kweli. Orodha ilikuwa bomani kwa karani, na mimi ninajua kusoma. Kwa nini nilisomeshwa, kama si kwa jambo kama hilo? Kesho yake nilikwenda mpaka kwenye ngazi ya boma. Karani akainua kichwa, "Unataka nini wewe?" Nikajibu, "Napita tu." Mtu hapiti kwenye ngazi ya boma. Karani akacheka, nami nikarudi nyumbani nikijitukana njia nzima.

Haukupita mwezi, mjomba akarudi. Mwasumini unaumwa, alisema, na mke wa akida anamtaka kijana aliyekuwa akiutunza. Tukaenda pamoja. Yeye akabaki nje kwenye kivuli cha ukuta, mimi nikapanda barazani.

Mke wa akida alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye pete. Nilimwamkia, akaitikia vizuri.

"Wewe ndiye fundi wake? Sogea, sikuli. Mtungi wako ule ulikuwa mbovu, hauna hata shingo, nikasema huu utanitia aibu kwa wageni. Nikautia mti katika debe jipya, nikalipaka rangi. Maji naumwagia mwenyewe asubuhi na jioni. Sasa tazama! Unataka nini tena, niuimbie?"

Debe lilikuwa la mafuta ya taa, limepakwa rangi ya kijani, linang'aa. Majani ya mwasumini yalikuwa ya manjano, na mengine yameanguka juu ya udongo na kugandia pale. Niliinama. Udongo ulinuka kama bwawa. Nikapitisha mkono chini ya debe: bati laini, kutoka pembe hata pembe. Halikuwa na tundu hata moja. Huyu alikuwa amesimama majini karibu mwezi mzima.

Msumari mmoja ungetosha. Msumari mmoja, mapigo matatu ya jiwe, na siku chache bila maji. Mtungi wa mama niliuona pia. Ulikuwa nyuma ya jiko, umelala ubavu, kuku ametaga ndani yake.

"Mbona hunijibu? Huo ni mdomo au pambo?" mke wa akida akasema, lakini kwa kucheka. Kisha akapunguza sauti. "Niambie, mwanangu. Nimesikia dada yako anaolewa. Mti ukipona, maua ya siku hiyo nitampelekea yote, na tawi nitakukatia wewe mwenyewe. Nilikulia penye miasumini. Nilitaka kuisikia harufu yake tu."

Hakuwa mwanamke mbaya. Nataka niliandike hilo kwa sababu lingenifaa sana kama angekuwa mbaya. Na safari hii sikukosa la kusema. Maneno yalikuja yenyewe mpaka kwenye meno: debe halina tundu, bibi. Nilitazama rangi ile ya kijani, nikamkumbuka mjomba akisema "amenyamaza, amekubali", nikayameza.

"Sijui, bibi," nikasema.

Nililisema kwa sauti kubwa, safi, hata mtumishi aliyekuwa akifagia akageuka. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniambia sema tusikie, na neno la kwanza nililolisema likasikika lilikuwa la uongo.

"Umesemaje kule?" mjomba akaniuliza nje.

"Nimesema sijui."

"Hujui?"

"Sijui."

Akanitazama sana, akatangulia njiani. Nilifurahi kutoka pale mpaka mtoni. Tulipovuka mto, furaha ikawa imekwisha. Ningeweza kurudi nikasema nimekumbuka. Ulikuwa mwendo wa muda wa kunywa uji tu. Nilihesabu siku, nikajiambia kesho, nikajiambia kesho kutwa, na kila siku mke wa akida akaumwagia maji asubuhi na jioni kwa mkono wake.

Mwasumini ulikufa kabla mfungo haujaisha. Dada aliolewa na mrehani tu nyweleni. Na mke wa akida, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alimletea zawadi. Lile debe. Alikuwa ameung'oa mti, ameliosha debe na kulitia mpini wa mti wa kubebea.

"La kutekea maji," mletaji akasema. "Bibi anasema ni zuri sana, halivuji hata tone."

Wanawake wakapiga vigelegele. Dada alilishika debe, akaligeuza, akapitisha kidole chini yake kama nilivyofanya mimi. Yeye naye alifundishwa na mama. Akaja uani nilikojificha, na hina bado mbichi mikononi.

"Mwasumini ulikuwa ndani ya hili?"

"Ndiyo."

"Nawe ulikwenda kuutazama. Mjomba kaniambia ulikwenda."

"Nilikwenda."

"Ukawaambia nini?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Basi mjomba aliutoa," akasema, "na wewe umeuua." Akaenda Dumila na debe lake, na mpaka sasa salamu zake huja kwa majirani, hazina jina langu ndani.

Akida amehamishwa na mkewe amekwenda naye. Mjomba bado anashuka kutoka Matombo, bado anakula, nami namwambia shikamoo, naye anajibu marahaba, na hasira yangu iko pale pale, imekaa kati yetu kama sahani ya tatu. Ningependa iwe yote ni ya mjomba. Sehemu kubwa ni yangu.

Jambo moja nilifanya. Siku walipokuwa wakifunga mizigo yao nilikwenda nyuma ya jiko, nikamwambia mke wa akida kwa mdomo wangu, "Bibi, naomba mtungi ule." Akashangaa, akasema chukua. Nikauchukua. Sasa uko pale pale kwenye alama ya duara, matundu yake matatu yako wazi, vigae vimo, mchanga umo, udongo umo. Hauna kitu.

Kwa hiyo nawaomba, nyinyi mtakaosoma. Kama kwenu kuna mwasumini wa ua la tabaka nyingi, niandikieni. Msimpe mtu salamu aniletee kwa mdomo, maana nitasema sina neno. Andikeni barua, mpeni mtu anayekuja Morogoro kwa reli, aiache kwa mwalimu wa shule. Na kama mtaweza kunikatia tawi la urefu wa shibiri, lichomekeni katika kipande cha mgomba, litafika hai. Likishika, la kwanza nitakalokata nitalipeleka Dumila mwenyewe, kwa miguu, na nikifika mlangoni nitasema lilikotoka. Majibu yenu nitayajibu yote, ila mnivumilie, naandika polepole.